Orlando na familia: tulale ndani ya Disney au tuchukue hoteli ya nje? Wazoefu karibuni

BabaMapacha

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Tuko sita: mimi, mama watoto, mapacha wa miaka saba, mdogo wao wa miaka miwili, na mama mkwe ambaye magoti yamegoma mwendo mrefu. Tunakwenda Orlando, kule Florida, Marekani. Siku nne tunazitaka Disney World, mbili Universal, zile bustani za burudani. Nauli ipo, tiketi za bustani zimeshaingia kwenye bajeti. Ninapokwama ni malazi.

Mama watoto anataka tulale ndani ya eneo la Disney lenyewe. Mimi nikifungua tovuti za hoteli naona vyumba vya barabara ya 192 pale Kissimmee karibu nusu ya bei, moyo unaniuma. Shemeji naye kaja na lake: chukueni nyumba nzima yenye bwawa, mpike wenyewe. Nimesoma makala mpaka macho yamevimba, na nusu ya waandishi unaona kabisa wanauza vyumba.

Swali langu: ile hela ya ziada ya kulala ndani inanunua nini hasa? Na tafadhali msiniambie "inategemea". Niambieni inategemea nini.

Kwato

Nje. Chumba ni cha kulaza mbavu tu, kutwa nzima mko bustanini. Hela inayobaki waongezee watoto siku. Uzi ufungwe.

MamaSafari

Kwato, hayo ni maneno ya mtu anayesafiri na begi moja la mgongoni.

BabaMapacha, anza na huyo wa miaka miwili na bibi yake, maana hao ndio watakaopanga ratiba, siyo wewe. Florida wakati wa kiangazi jua la mchana linapiga lami mpaka unasikia joto kwenye soli, na alasiri mara nyingi ni radi na mvua. Wenye watoto wadogo wanachofanya ni hivi: wanaingia bustani ikifunguliwa tu, saa saba mchana wanatoka, mtoto analala, wakubwa wanaoga na kunyoosha miguu, jioni wanarudi wakiwa watu tena. Mpango huo unawezekana kama kitanda kiko karibu.

Na ukaribu wa kule usiupime kwa ramani. Chukua Magic Kingdom, mojawapo ya bustani nne za Disney World. Mwenye gari haegeshi mlangoni. Anaegesha kwenye kituo kinachoitwa Transportation and Ticket Center, ng'ambo ya ziwa. Anashusha kigari cha mtoto, anakaguliwa mizigo, ndipo apande feri au monoreli kuvuka Seven Seas Lagoon. Teksi za mtandaoni nazo zinaishia hapohapo kituoni. Wakati huo basi la hoteli ya Disney linakushusha karibu na lango lenyewe, na anayelala Contemporary, hoteli ya Disney iliyo jirani, anakwenda kwa miguu, kama dakika kumi.

Sasa piga picha: gari, maegesho, feri, lango. Mchana urudi hivyohivyo kinyumenyume, jioni uanze upya. Hutafanya. Utasema "tuvumilie tu", na ikifika saa kumi jioni wote mmenuniana.

Kwangu hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho ile hela inanunua: mapumziko ya mchana. Kama familia yako haihitaji kupumzika mchana, nusu ya hoja ya kulala ndani imekufa.

MhasibuWaSafari

Naunga mkono, ila ngoja nije kwenye namba, maana mleta uzi kasema "nusu ya bei" na hapo ndipo watu wengi wanapopigwa.

Bei za vyumba zinapanda na kushuka kila siku, kwa hiyo hizi ni za mfano tu. Tuchukulie chumba cha nje kinaonyesha dola 110 kwa usiku, na cha ndani, zile hoteli za daraja la chini la Disney, dola 190. Tofauti dola 80. Inauma, nakubali.

Sasa fungua kile cha nje ukitazame kwa karibu. Hoteli nyingi za maeneo yale zina kitu kinaitwa ada ya rizoti, yaani ada ya lazima ya kila usiku juu ya bei ya chumba. Weka dola 30. Tuko 140. Kodi ya malazi Kissimmee, yaani kaunti ya Osceola, ni asilimia 13.5. Tuko karibu 159. Maegesho ya hapo hotelini, weka 15. Tuko 174. Asubuhi unakwenda bustanini na gari, maegesho ya Disney ni dola 30 hivi au zaidi kwa siku. Tumefika 204.

Cha ndani: 190, kodi ya kaunti ya Orange asilimia 12.5, inakuja kama 214. Disney hawatozi ada ya rizoti kwenye hoteli zao, maegesho ya usiku waliyafanya bure tena kuanzia Januari 2023, na mgeni wa hoteli haegeshi kwa kulipia kwenye bustani zao.

Dola 80 imegeuka dola 10. Na bado sijaweka gharama ya kukodi gari, ambalo ukilala nje huwezi kulikwepa kirahisi.

Simaanishi ndani ni rahisi. Zipo hoteli za nje zisizo na ada yoyote na zinatoa kifungua kinywa bure, hizo hesabu yake ni nyingine kabisa. Ninachosema ni kwamba usilinganishe bei ya kwanza na bei ya kwanza. Linganisha jumla na jumla. Tangu Mei 2025 sheria ya Marekani inawalazimu wenye malazi kuonyesha bei pamoja na ada za lazima tangu mwanzo, hiyo imesaidia. Lakini kodi na maegesho bado unaweza kuyakuta mwishoni.

Chaupepo

Halafu msisahau ukilala ndani Disney wanakupokea uwanja wa ndege bure na basi lao, mabegi unayakuta chumbani. Na unapangiwa FastPass, ile pasi ya kuruka foleni, bure siku 60 kabla. Hiyo peke yake inatosha.

DadaRamani

Chaupepo, hizo habari zimepitwa. Basi la bure la uwanja wa ndege, Magical Express, lilikoma mwanzoni mwa 2022. Siku hizi unalipia basi la kampuni binafsi au teksi, uwe wa ndani au wa nje. FastPass ya bure nayo haipo tena. Ilikuja Genie+ mwaka 2021, na tangu Julai 2024 inaitwa Lightning Lane, ya kulipia.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu makala nyingi za zamani bado zinazunguka mtandaoni, na mtu anaweza kulipia hoteli kwa faida zilizofutwa.

Faida za ndani zilizobaki, na maoni yangu kwa kila moja:

Kuingia nusu saa kabla ya watu wengine, kila siku, kwenye bustani zote nne. Inaonekana ndogo lakini hiyo nusu saa ina uzito kuliko saa mbili za mchana, kwa sababu foleni za vivutio vikubwa bado hazijajaa. Ila lazima uwe umesimama langoni kabla haijaanza. Familia inayotoka chumbani saa tatu asubuhi haijanunua kitu hapo.

Kununua Lightning Lane mapema. Mgeni wa hoteli za Disney anaruhusiwa siku 7 kabla ya kufika na anapanga kwa ajili ya safari yake nzima, wa nje siku 3 kabla ya kila siku ya bustani. Mnafungua programu ya simu saa moja asubuhi kwa saa za Florida. Kwa vivutio vinavyogombaniwa tofauti hiyo utaiona. Vya kawaida havina shida.

Kupanga meza za migahawa: wote siku 60 kabla, ila wa ndani siku hiyo ya 60 anapanga hadi siku kumi za kukaa kwake kwa mpigo. Ukitaka mlo pamoja na wahusika wa katuni kwa ajili ya mapacha, inasaidia.

Saa za ziada usiku: ni za hoteli za daraja la juu tu, siku chache zilizochaguliwa. Na mtoto wa miaka miwili? Sahau.

Na jambo ambalo hushangaza wageni wengi: chumba cha Disney hakiji na tiketi ya kuingia bustanini. Ni malipo mawili tofauti, mpaka ununue kifurushi chenye vyote viwili.

KijanaWaRola

Mmesahau Universal jamani, na mleta uzi ana siku mbili huko. Kule hesabu inageuka kabisa.

Hoteli tatu za juu za Universal, yaani Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, zinampa kila mgeni aliyeandikishwa chumbani Universal Express Unlimited bure. Hiyo ndiyo ile pasi ya kuruka foleni, unapanda kivutio kilekile mara nyingi upendavyo. Ukiinunua peke yake bei yake hubadilika kwa siku, na mara nyingi huvuka dola 100 kwa mtu kwa siku moja.

Sasa sikiliza utamu wake. Pasi inahesabika siku ya kuingia hotelini mpaka siku ya kutoka, zote mbili. Unalipia usiku mmoja, unapata siku mbili za pasi. Si lazima chumba kiwe tayari, unafika mapokezi asubuhi, unaandikishwa, unaacha mabegi, unachukua pasi zako, unaondoka. Watu wazima wanne kwa siku mbili, piga hesabu mwenyewe. Chumba kinaweza kuwa ghali mpaka unatoa macho, lakini kikatoka nafuu kuliko pasi zenyewe.

Angalizo: pasi hiyo inafanya kazi Universal Studios Florida na Islands of Adventure. Epic Universe, ile bustani mpya iliyofunguliwa Mei 2025, haimo. Na hoteli nyingine za Universal, kama Cabana Bay au zile mbili za Endless Summer, hazina hiyo zawadi. Hizo zinakupa kuingia mapema na usafiri tu. Halafu tofauti na Disney, Universal wanatoza maegesho ya usiku kwenye hoteli zao.

Kwa hiyo Disney ukilala ndani umenunua ukaribu. Universal ukilala kwenye zile tatu umenunua kuruka foleni. Usivichanganye.

Kwato

KijanaWaRola hapo umenishika. Universal nakubali. Disney nabaki palepale.

BabaMapacha

Aisee nashukuru, tayari naona mwanga. MhasibuWaSafari umenifungua macho na hiyo 204.

Ila sisi ni sita. Nikiangalia ndani, vyumba vingi wanasema watu wanne. Nikichukua viwili, ile dola 10 imeruka tena. Na nyumba ya shemeji je? Naona za vyumba vitatu, bwawa lake nyuma, mashine ya kufulia, jiko kamili, kwa bei ya chumba kimoja na nusu cha Disney.

Mzee wa Jiko

Hapo umeniita.

Nyumba ni jibu zuri sana kwa kundi kubwa, watu saba, nane, kumi. Kila mtu mlango wake, watoto wakilala saa mbili usiku ninyi mnakaa sebuleni badala ya kukaa gizani mnanong'ona. Mashine ya kufulia ukiwa na watoto watatu ni dhahabu, nusu ya mizigo inabaki nyumbani. Na chakula cha bustanini kwa watu sita mara mbili kwa siku kinaumiza kuliko chumba. Kifungua kinywa cha nyumbani na mlo mmoja wa jioni uliopikwa vinarudisha hela nyingi. Chumba cha kawaida cha Disney kina friji ndogo na mashine ya kahawa, mikrowevu unaifuata kwenye ukumbi wa chakula.

Sasa upande wa pili. Kwanza, ada ya usafi. Inalipwa mara moja, uwe umekaa usiku mmoja au kumi. Kwa siku nyingi inamezwa, kwa siku chache inakumeza wewe. Pili, baadhi wanatoza kupasha maji ya bwawa joto, na Januari utataka yapashwe. Tatu, tazama ramani vizuri: nyumba nyingi zinazotangazwa "karibu na Disney" ziko Davenport au ChampionsGate, na njia yenu ni barabara kuu ya I-4, ambayo asubuhi na jioni ina foleni zake zisizo na pasi ya kuruka.

Nne, na hili watu hawalifikirii: kuna mtu mmoja kwenye familia yenu ambaye likizo yake itageuka kupika, kuosha vyombo na kuendesha gari. Mnajua ni nani. Muulizeni kwanza.

MamaSafari

Hiyo ya nne iandikwe kwa wino mwekundu!

Kuhusu watu sita: Disney wana vyumba vya familia, vile vya hoteli ya Art of Animation na baadhi ya vya hoteli ya All-Star Music. Vinabeba watu sita, vina bafu mbili na jiko dogo lenye mikrowevu na friji. Na mtoto wa chini ya miaka mitatu anayelala kwenye kitanda cha wavu hahesabiki kwenye idadi ya chumba. Kwa hiyo kwa macho ya Disney mko watano. Huyo mdogo pia haingii kwenye tiketi: chini ya miaka mitatu ni bure. Hakikisha tu hatatimiza miaka mitatu kabla ya safari.

Mimi ningekusukuma Art of Animation kwa sababu moja zaidi: Skyliner. Ni vile vibanda vya kebo vinavyopita angani, vilianza Septemba 2019, vinaunganisha hoteli za Art of Animation, Pop Century, Caribbean Beach na Riviera na bustani za EPCOT na Hollywood Studios.

Tofauti yake na basi utaiona usiku. Fataki zimekwisha, watu wote wameamua kuondoka dakika moja. Mtoto amelala kwenye kigari, shavu limebonyea kwenye mkanda. Kwenye basi lazima umtoe, ukunje kigari, umbebe begani, mkono mmoja umeshika kigari, mwingine umeshika nguzo, na yeye kaamka. Kwenye Skyliner kigari kinaingia kibandani kama kilivyo, haguswi. Monoreli vilevile.

Kasoro yake: radi ikipiga wanaisimamisha, mnarudi kwenye mabasi. Na bustani za Magic Kingdom na Animal Kingdom haifiki, huko ni basi tu.

Pwaguzi

Mnaongea kana kwamba dunia nzima ni Orlando. Ningependa wasomaji wengine wa uzi huu wasichukue majibu haya wakayapeleka California.

Disneyland ya Anaheim ilipofunguliwa 1955, Walt Disney hakuwa na hela ya kujenga hoteli. Ile Disneyland Hotel ilijengwa na mfanyabiashara mwingine, Jack Wrather, na kampuni ya Disney ikaja kuinunua miaka ya 1980. Na ardhi ilikuwa ndogo, wenye moteli wakajaa mpaka ukutani kwenye Harbor Boulevard. Walt hakulipenda hilo. Ndiyo maana Florida walinunua zaidi ya ekari 27,000, kwa siri, kupitia kampuni zenye majina mengine, ili wakati huu hoteli za karibu ziwe zao.

Matokeo yake mpaka leo: Anaheim, kuna moteli za nje pale Harbor ambazo ziko karibu na lango kuliko Disneyland Hotel yenyewe. Unavuka barabara, umefika. Hapo "ndani" unalipia bwawa, mapambo na jina, isipokuwa Grand Californian ambayo ina mlango wake wa kuingilia California Adventure, bustani ya pili ya pale. Ningekuwa na bajeti ya kawaida, Anaheim nalala nje bila kufikiria mara mbili.

Orlando ni kinyume, kwa sababu ile ardhi iliyonunuliwa iliwasukuma washindani mbali. Huo umbali mnaoulalamikia ulipangwa.

Kwato

Kumbe! Basi tunalipia umbali waliouweka wao wenyewe.

Pwaguzi

Ndiyo biashara hiyo mkuu.

Nusura

Naongezea Paris, maana wengi wanaanzia huko. Disneyland Paris, tangu 1992, treni ya RER A inaishia kituo cha Marne-la-Vallée Chessy, hatua chache na malango. Kituo kimoja kabla ni Val d'Europe, kuna hoteli na vyumba vya kupanga vyenye jiko, na treni inakufikisha kwa dakika chache. Gari la nini? Wa ndani wanapata muda wa kuingia mapema, ni mzuri, lakini adhabu ya kulala nje ni ndogo sana kule.

Na neno "ndani" lisiwazubaishe. Davy Crockett Ranch ni malazi ya Disney kabisa, vibanda vya msituni, vizuri mno, lakini hakuna basi la kwenda bustanini. Bila gari umekwama na sungura.

DadaRamani

Nusura kagusa jambo. Hata Orlando kuna walio katikati. Hoteli za Swan na Dolphin, zilizofunguliwa 1990, ziko ndani kabisa ya eneo la Disney lakini zinaendeshwa na Marriott. Unakwenda EPCOT na Hollywood Studios kwa miguu au boti, unapata ile nusu saa ya asubuhi, na mwenye pointi za Marriott anaweza kuzitumia. Ila wanatoza ada ya rizoti na maegesho. Kwa wawili wasio na watoto ningezitazama kabla ya kitu kingine chochote. Kwa BabaMapacha, hapana, ni vyumba viwili tena.

Zipo pia hoteli za eneo la Disney Springs ambazo hupewa nusu saa ya asubuhi kwa makubaliano yanayosainiwa upya kila baada ya muda. Soma kwenye tovuti ya Disney kwa tarehe zako, usimsikilize wakala.

Mfuatiliaji_7

Mimi swali: sisi tunaosubiri visa, tunalipiaje hoteli kabla ya kujua kama tutakwenda?

MhasibuWaSafari

Swali zuri na linahusu uzi moja kwa moja, maana hapo ndani na nje wanatofautiana.

Disney ukichukua chumba peke yake bila tiketi, unalipa kwanza usiku mmoja, na ukighairi siku 5 au zaidi kabla ya kufika unarudishiwa. Mtandaoni wanataka siku 6. Ukichukua kifurushi cha chumba na tiketi, kughairi bila hasara ni siku 30 au zaidi kabla. Chini ya hapo, mpaka siku 2, wanakata dola 200. Kwa anayesubiri visa, chumba peke yake, tiketi baadaye.

Hoteli za nje: mara nyingi chumba huwa na bei mbili, ya kughairi na ya kutorudishiwa. Ile ya pili ndiyo inayong'aa kwenye tangazo. Iache.

Nyumba za kupanga: soma masharti mstari kwa mstari. Nyingi hazirudishi kitu au zinarudisha nusu. Na msimu wa vimbunga Florida ni Juni 1 mpaka Novemba 30, muulize mwenye nyumba kimbunga kikitangazwa inakuwaje, akujibu kwa maandishi.

Kwato

Haya, niseme na mimi kitu cha maana, msije mkasema nabisha tu. Nje inashinda waziwazi kwa watu hawa: wanaokwenda bustani tofauti kila siku, leo Disney, kesho SeaWorld, keshokutwa Legoland au kituo cha anga cha Kennedy. Huyo gari analo tayari, na hoteli ya Disney itakuwa inamkalia tupu. Vijana watatu wanne wasiochoka. Wenye safari ya wiki mbili ambao siku za bustani ni chache. Na yeyote ambaye bei ya ndani itamlazimu kupunguza siku za bustani. Hapo hakuna mjadala, bora siku.

MamaSafari

Leo tumekubaliana na Kwato, mvua itanyesha.

KijanaWaRola

BabaMapacha, ningekuwa wewe nagawa safari. Usiku wote wa siku za Disney mnalala Art of Animation, hamhitaji gari. Kisha teksi kubwa moja mnahamia Universal usiku mmoja kwenye mojawapo ya zile tatu. Mnafika asubuhi na mapema, mnaacha mabegi, siku mbili za Express. Watu wa kuandikisha chumbani uliza kabla ya kulipa, sita kwenye chumba cha kawaida hawakubali. Bei ya viwili ikikushinda, chukua Cabana Bay, wana vyumba vya familia, ila Express hakuna.

Kabla hujalipia hayo yote wapime mapacha urefu. Vivutio vingi vikali vya Universal vinataka sentimita 102, vingine 122. Kama hawafiki, Express itatumika na wazazi tu, na hapo Cabana Bay inakuwa na akili zaidi. Wazazi wenyewe mnaweza kupokezana: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha mnabadilishana bila kupanga foleni upya. Disney nao wanao utaratibu huo.

BabaMapacha

Wakuu, mama watoto amesoma uzi wote, ameprinti posti ya Mzee wa Jiko na kuibandika kwenye friji. Nyumba ya shemeji imekufa.

Tumewapima mapacha, mmoja 121, mwingine 124. Vita imeanza ndani ya nyumba. Tunaelekea kugawa kama alivyosema KijanaWaRola, nasubiri kuona bei za vyumba viwili dhidi ya Cabana Bay kwa tarehe zetu.

Swali la mwisho: mama mkwe. Kutembea mpaka jikoni anaweza, kutembea EPCOT nzima hawezi. Kiti cha magurudumu nikodi kule bustanini au nitafute cha nje?

DadaRamani

Cha bustanini kinapatikana pale langoni, anayewahi ndiye anayepata, na hakitoki nje ya bustani ile. Maana yake kutoka chumbani mpaka kituo cha Skyliner, na kutoka kituoni mpaka langoni, atatembea. Kampuni za kukodisha za Orlando zinaleta kiti au kigari cha umeme na unakuwa nacho safari nzima, basi za Disney zina rampu ya kukipandisha na kukishusha na Skyliner inakipokea. Chukua cha nje. Uliza kama wanakabidhi mkononi au wanaacha mapokezi, na siku ya kuhamia Universal waambie mapema wakichukulie wapi. Na wakati wa kuweka chumba, omba jengo lililo karibu na kituo, Art of Animation ni pana kuliko inavyoonekana kwenye picha.